Ukanda wa Joto wa Itekesya

Fomu ya maombi ya shahada ya uzamivu ilikuwa na vipengele kumi na saba, na kumi na sita nilishavijaza. Kilichobaki kilidai kwamba mwombaji alale angalau usiku mmoja mahali vipimo vyake vilipochukuliwa, na mtunza kifaa aweke dole gumba kushuhudia. Nilikiona ni kipengele cha watu wasio na kazi. Nani alale kijijini ili kuthibitisha namba ambazo setilaiti inazipokea kila dakika tano? Lakini nilikuwa na miaka thelathini na minne, nilishakataliwa mara mbili, na chuo kile hakipokei mtu aliyefikisha thelathini na mitano. Hii ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Nikafunga begi.

Kiberenge cha Mtambo, ule wa kusafisha hewa mlimani, kilinishusha Itekesya Jumanne saa nane mchana. Kwa miaka mitatu nilikuwa nakuja nacho hivyo hivyo na kuondoka nacho saa tisa: nakagua kifaa, nasalimia, nakula ndizi nilizopikiwa, narudi mjini. Nilikuwa nimeandika kurasa mia moja na themanini kuhusu hewa ya usiku ya Itekesya bila kuiona Itekesya hata mara moja jua likiwa limezama. Leo naona aibu kulisema.

Mama Ambwene alinipokea begi. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mtunzaji wa kipimahewa changu, anayeishi na wajukuu watatu katika nyumba ya vyumba viwili kando ya migomba.

"Kumbe umekuja kulala kweli, daktari."

"Mama, nilishakwambia mimi bado si daktari."

"Mtu anayekuja na mashine kusikiliza kifua cha bonde, tumwite nani? Bwana shamba?"

Kijiji kizima kiliniita hivyo, na wazee wengine walishanionyesha vidonda vyao. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Baadaye niliacha, na niseme ukweli, nilianza kulipenda hilo jina kabla sijalipata.

Juu yetu, kwenye bega la Mlima Sukwe, feni mia nne za Mtambo zilikuwa zinavuta hewa, zinaichuja ukaa wake na kuusindilia chini ya mwamba. Ndiyo kazi iliyopewa milima yetu tangu nchi kubwa zilipokubaliana kwamba moshi wa karne mbili lazima urudishwe ardhini. Sasa mwamba ulikuwa umeshiba. Ulihitaji kupunguziwa presha, na Mtambo ulikuwa umepata kibali cha kucheua, yaani kuachia sehemu ya ukaa ule utoke tena: usiku tisini mfululizo, kuanzia usiku wa kuamkia Alhamisi, saa nane usiku, feni zikiwa zimezimwa.

Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Usiku wa baridi haipandi. Inateremka mlimani taratibu kama maji yanavyotafuta mfereji, inalala kwenye mabonde, na anayelala ndani yake haamki. Kila mwanafunzi wa mwendo wa hewa na maji anajua hilo kabla ya mtihani wa kwanza. Kibali kilitolewa kwa sababu utafiti wangu ulionyesha kwamba mto wa hewa baridi kutoka Sukwe haufiki Itekesya. Ukifika kwenye kona ya juu ya kijiji unakata kushoto, unatumbukia korongoni na kwenda zake, na kijiji kinabaki kwenye ukanda wa joto uliotulia. Ushahidi ulikuwa kipimahewa cha Mama Ambwene. Usiku baada ya usiku kilisoma nyuzi ishirini na moja na upepo sifuri, na ukaa ukipanda polepole mpaka alfajiri, ishara ya hewa iliyotuama. Wataalamu wa nchi tatu walishanukuu ukanda wangu. Maombi yangu ya uzamivu yalisimama juu yake.

*

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje, naandika. Mama Ambwene alitoka jikoni akifuta mikono, akaenda kwenye nguzo ya kifaa, akafungua komeo mbili kwa ustadi wa mtu aliyezoea, akakitoa kipimahewa, akakiviringisha kwenye kitenge na kukipakata.

"Mama, unakipeleka wapi?"

"Ndani."

"Ndani kufanya nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango. "Kulala. Mlisema hiki kitu kimoja ni sawa na ng'ombe ishirini. Nikiache nje na wezi na umande?"

Nilimfuata mpaka chumbani. Aliweka kifaa juu ya sanduku la nguo, kando ya kitanda chake. Chini kulikuwa na mkeka wa wajukuu, umeshatandikwa.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu mlipokileta. Sijakosa hata siku moja, mwanangu. Hata msiba wa baba Ambwene, watu wamejaa humu, wanawake wamelalana hapa chini mpaka mlangoni, nilitoka nikakileta. Nikasema, kitu cha watu hakiwezi kunipotelea kwa sababu nina msiba."

"Msiba ulikuwa mwezi gani, mama?"

"Wa sita. Tarehe tisa tulizika."

Nilikaa kwenye kitanda bila kukaribishwa. Usiku wa tarehe tisa Juni ulikuwa mchoro wa nne katika tasnifu yangu. Usiku ule ukaa ulipanda kufikia sehemu elfu saba katika milioni, haijawahi kutokea, na nilikuwa nimeuita Tukio Kuu. Niliueleza kwa kurasa kumi na mbili, kwa milinganyo, na Profesa wangu aliniambia ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Ilikuwa pumzi ya wanawake waliolala na mfiwa. Nyuzi ishirini na moja zilikuwa joto la miili ya watoto. Ule mtikisiko mdogo wa jioni na asubuhi, niliouandikia aya mbili nikiuita upepo wa jua kuchwa na jua kucha, ulikuwa mikono ya Mama Ambwene ikifungua komeo. Na ule ukaa ulioporomoka ghafla kila siku saa kumi na mbili asubuhi? Alikuwa anafungua mlango.

Nilitaka kucheka. Nilishindwa, nikaanza kutetemeka, na yeye akaenda kunitafutia sweta.

Nilikumbuka vizuri siku ya mkataba. Nilimsomea kipengele cha saba haraka haraka kwa sababu kiberenge kilikuwa kinakaribia kuondoka: kifaa kisiondolewe kwenye nguzo yake kwa hali yoyote. Aliniuliza, "Na wezi?" Nami, huku nafunga begi, nikamwambia, "Kitunze kama cha kwako, mama." Akaweka dole gumba. Na kweli alikitunza kama cha kwake, maana hapa hakuna mwenye akili anayeacha chake nje.

"Leo tukiache nje," nilisema.

"Kikiibiwa?"

"Nitajibu mimi."

Hakupenda, lakini alikirudisha. Alikifunika kwa kitenge, nikamwomba aondoe na kitenge pia.

Asubuhi nilisoma namba nikiwa nimesimama kwenye umande. Mpaka saa tisa kasorobo usiku kulikuwa na nyuzi kumi na sita. Kisha, ndani ya robo saa, nyuzi saba, na upepo wa mita mbili kwa sekunde kutoka Sukwe, bila kukoma mpaka alfajiri. Mto wa hewa haukukata kushoto popote. Ulipita katikati ya kijiji, mlango kwa mlango. Nilipiga hesabu upya kwenye daftari, mara tatu, nikitumaini kwamba nimekosea. Mtambo ukicheua, hewa nzito ingefika Itekesya kwa kina cha kiuno cha mtu mzima. Kitanda cha Mama Ambwene kinafika magotini. Wajukuu wanalala mkekani.

"Umemaliza kazi yako ya kulala?" aliniuliza, akishika ile fomu. "Niweke dole wapi?"

Nilimwonyesha. Kipengele cha kumi na saba kilikuwa kimekamilika.

*

Profesa Lwitiko alinisimamia tangu shahada ya kwanza. Ni mtu mpole, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na sahihi yake ilikuwa chini ya yangu kwenye ushahidi wa kibali. Nilipomaliza kumweleza ilikuwa saa nne na nusu. Maombi yalikuwa yanafungwa saa sita kamili mchana.

Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tuse, huo ni usiku mmoja. Dhidi ya usiku elfu moja na tisini."

"Usiku elfu moja na tisini wa chumba cha kulala, Prof."

"Naelewa. Nasema Mhakiki wa vibali ataona hivyo." Alisogeza kiti. "Sikiliza. Tuma maombi kwanza. Sasa hivi. Ukishapokelewa, saa saba tunafungua shauri la masahihisho, mimi na wewe. Litasikilizwa ndani ya siku ishirini na moja."

"Na hizo siku ishirini na moja watu wanavuta nini?"

"Wakalale shuleni."

"Shule iko bondeni kabisa, Prof. Ndipo hewa itakapotuama. Umenifundisha mwenyewe, ukanifelisha nilipokosea."

Alivaa tena miwani. Dirishani kwake Mlima Sukwe ulionekana wote, mzuri, umevaa mawingu. Nilimchukia kwa dakika moja nzima, kisha nikajichukia mimi, maana tangu asubuhi kwenye kiberenge nilikuwa nimewaza hilo hilo neno kwa neno. Tuma kwanza, sahihisha baadaye. Nilikuwa nimelipamba mpaka likaonekana busara.

"Muulize Mhakiki," alisema hatimaye. "Lakini usitaje kitu ambacho huwezi kukirudisha."

Mhakiki si mtu. Ndiye anayesimamia vibali vyote vya hewa nchini, na aliwekwa baada ya kuonekana kwamba binadamu hupindika. Sauti yake ni ya mwalimu wa kike wa darasa la kwanza, yenye subira ya kutisha. Tulimfungua mezani pa Profesa.

"Shauri lako linahusu kibali cha Mtambo wa Sukwe," alisema. "Je, kipimahewa kina hitilafu?"

"Hakina."

"Asante. Nacho chenyewe kinathibitisha kuwa ni kizima. Je, kiliondolewa kwenye nguzo?"

"Ndiyo. Kila usiku. Kililazwa ndani ya nyumba."

"Je, aliyekiondoa alijua kwamba hairuhusiwi? Kama hakujua, shauri litasikilizwa ndani ya siku ishirini na moja na kibali kitaendelea kutumika. Kama alijua, vipimo vyote vinafutwa na kibali kinasimama papo hapo."

"Na huyo aliyejua anafanywa nini?"

"Akiwa mtunza kifaa, kifungo cha miaka mitano kwa kuharibu takwimu za hewa. Akiwa mtafiti, kufungiwa maisha kufanya utafiti na kusoma shahada yoyote ya juu. Mtafiti hafungwi gerezani."

Profesa alizima sauti kwa kidole.

"Alisomewa kipengele cha saba," alisema, akiangalia meza. "Akaweka dole gumba. Kisheria alijua. Ukimtaja hutakuwa umesema uongo, Tuse. Kibali kinasimama leo, kijiji kinapona, na wewe ni mtafiti aliyeangushwa na msaidizi wake. Unatuma maombi kwa maelezo mafupi. Wataheshimu ujasiri wako."

"Na yeye?"

"Tutamtafutia wakili. Kwa umri wake wanaweza kumpunguzia."

Nimefikiria sana dakika zile tangu siku ile, na sitaki kujipaka rangi. Nililipima. Nilimwona Mama Ambwene akitoka msibani kwake mwenyewe, macho yamevimba, anapita katikati ya waombolezaji kwenda kuchukua kifaa changu. Papo hapo nikaiona barua ya chuo, jina langu likitanguliwa na neno daktari. Miaka kumi na miwili ya kusoma. Mama yangu mzazi alishashona nguo ya mahafali ya mara ya kwanza, bado iko kabatini. Nilihesabu ni nani atakayejua. Hakuna. Na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba Profesa alisema kweli: jibu la kumfunga yule mama lilikuwa ndilo jibu la kweli kwenye karatasi, na jibu la kumwokoa lilikuwa uongo. Mimi, niliyekuwa nafukuza wanafunzi kwa kubadili namba moja, nilitakiwa kuweka uongo kwenye kumbukumbu za kudumu za nchi. Kama kungekuwa na mlango wa tatu ningeupita kwa magoti. Niliutafuta. Nilisoma kanuni zote za Mhakiki mpaka saa sita kasoro dakika tisa na mlango haukuwepo.

Nikarudisha sauti.

"Nani aliamuru kifaa kiondolewe?" Mhakiki aliuliza, kana kwamba hatukuwa tumenyamaza.

"Mimi. Tusekile Mwalwisi, mtafiti."

"Tuse," alisema Profesa.

"Mtunza kifaa alitekeleza agizo lako?"

"Nilimwambia akitunze kama cha kwake."

"Hilo si jibu. Ulimwagiza akiingize ndani?"

"Ndiyo."

"Ukijua kwamba vipimo vitaharibika?"

Hapo ndipo niliposita. Sikujua. Ningejua nisingelala, nisingekula, ningetembea kwa miguu mpaka Itekesya usiku wa kwanza. Nilikuwa mjinga na mwenye haraka, na ujinga haukuwa na kisanduku kwenye fomu ile. Kuiambia dunia kwamba nilikuwa mdanganyifu wakati nilikuwa mzembe tu, kuliniuma. Jina langu lingefundishwa madarasani kama mfano. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nne.

"Ndiyo," nilisema. "Nikijua."

"Asante. Kibali kimesimama. Mtunza kifaa hana kosa. Mtafiti amefungiwa maisha. Je, una shauri lingine?"

Sikuwa nalo. Kwenye meza fomu ya maombi ilikuwa bado wazi, vipengele kumi na saba vimejaa, na dole gumba la Mama Ambwene likiwa na alama ya masizi ya jikoni. Tuliitazama mpaka saa sita ilipopita na ikajifunga yenyewe. Profesa alikuwa analia. Hakuniambia nimefanya vizuri wala vibaya. Aliniuliza kama nimekula.

*

Nilirudi Itekesya na kiberenge cha mchana, kwa kuwa sikumwamini Mhakiki wala Mtambo, na kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Kama feni wangezizima na kucheua kwa siri, nilitaka niwe pale. Mama Ambwene alinipa chumba cha pili. Sikumwambia kitu. Nilimwambia tu kwamba kazi ya kifaa imekwisha na kesho watakuja kukichukua.

"Kwani kimeharibika?"

"Hapana, mama. Ulikitunza vizuri."

Alifurahi. Sijawahi kuona mtu anafurahia sifa kiasi kile, nikatoka nje kabla sura yangu haijaniumbua.

Sikufumba jicho. Nililala chini, sakafuni, usawa wa mkeka wa wajukuu waliokuwa upande wa pili wa ukuta, kusudi kama hewa nzito ingekuja inianze mimi na nigonge ukuta. Nilisikiliza pumzi zao. Nilizijua pumzi zile kuliko mtu yeyote duniani, nilikuwa nimezichora kwa miaka mitatu. Baridi ilipoteremka kutoka Sukwe niliisikia ikipita chini ya mlango, ikanigusa uso, na haikuwa na kitu ndani yake ila harufu ya majani mabichi.

Kulipokucha nilitoka nikasimama uani. Wanyakyusa wakikutana asubuhi hawaulizani habari, wanaulizana kama wamelala. Nilikuwa naijua salamu hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuisikiliza. Mlango wa jirani ulifunguka, mzee akatoka akamwuliza wa ng'ambo, naye akaitikia. Ukafunguka mwingine. Kina mama waliulizana wakiwa na ndoo, watoto waliulizwa na kujibu huku wanapiga miayo, nami nikawa nahesabu nyumba kwa vidole, nikirudia kila nilipopoteza hesabu, mpaka nilipofika nyumba ya mwisho, ile iliyo chini kabisa karibu na shule, na mlango wake nao ukafunguka.

Mama Ambwene alitoka na kitenge begani, akaangalia kwanza nguzo kama kifaa kipo, kisha akaniangalia mimi.

"Ugonile, daktari?"

Sikuwa nimelala, na daktari sitakuwa. Nikamjibu kwamba nimelala, nikamshukuru, nikamuuliza na yeye.

"Nimelala, mwanangu," alisema. "Na watoto wamelala."